Kuiga picha za filamu nyeusi-nyeupe kwenye kompyuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu wanaoniletea picha zao wakitaka zionekane "kama zile za zamani". Mifano mingi nimeitoa kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa sababu ni ya bure na hata kompyuta ya kawaida inaiweza. Kwa wa simu nimetaja Snapseed. Majina ya menyu nimeyaacha yalivyo kwenye skrini ili uyatambue ukiyaona. Kama menyu yako imepangwa tofauti, bonyeza kitufe cha / ukiwa ndani ya GIMP, andika jina la kifaa unachokitafuta, nacho kitajitokeza.

## Mambo ya mwanzo

1. Si natoa rangi tu, yamekwisha?

Unaweza, na ndiyo maana picha nyingi za namna hiyo zinatoka zimepooza. Filamu nyeusi-nyeupe haikuwa ikitoa rangi. Ilikuwa ikiamua: nyekundu iwe kijivu cha namna gani, bluu iwe kijivu gani, kijani nacho vipi.

Chukua kanga ya kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ukiipiga kwa filamu ya othokromatiki, ambayo haioni nyekundu, wekundu wote unageuka mweusi na nusu ya maua yanamezwa gizani. Ukiipiga kwa filamu ya pankromatiki, inayoona rangi zote, nyekundu inakuwa kijivu cha katikati na maua yanarudi. Ukiweka filta nyekundu mbele ya lenzi, wekundu unapanda hadi kukaribia weupe, sasa maua yanapotelea upande wa pili. Kanga ni ile ile na jua ni lile lile, lakini picha ni tatu.

Ukibonyeza "toa rangi", uamuzi huo unafanywa na programu bila kukuuliza. Karibu kila jibu lililo hapa chini ni namna ya kuuchukua uamuzi huo mkononi mwako.

2. Desaturate ya GIMP ina njia tano. Ipi bora?

Kama una haraka, Luminance. Hiyo hufuata jicho la binadamu: kijani kinapewa uzito wa takriban asilimia 72, nyekundu 21, na bluu 7 tu. Average inazigawia chaneli zote (yaani nyekundu, kijani na bluu zinazounda picha) sawa. Lightness inachukua chaneli ya juu kabisa na ya chini kabisa, inatafuta katikati yake. Value inachukua ile ya juu peke yake, kwa hiyo nyekundu iliyoiva na nyeupe zinatoka sawasawa. Kisutu chetu kinapoteza maua hapo hapo.

Hakuna hata moja kati ya hizo tano iliyo filamu. Filamu nyingi za pankromatiki huiona bluu kuliko jicho letu linavyoiona, na ndiyo sababu anga kwenye filamu isiyo na filta hutoka jeupe kuliko tulivyoliona kwa macho.

3. Sasa nitumie kifaa gani?

Kwenye GIMP tumia Mono Mixer, iliyo ndani ya menyu ya Colors. Nakili leya (tabaka la picha) yako kwanza ili picha ya rangi ibaki salama chini. Utaona vitelezi vitatu: nyekundu, kijani, bluu. Kanuni ni moja: jumla ya namba tatu iwe karibu na 1, la sivyo picha yote inang'aa kupita kiasi au inazama. Namba hasi zinaruhusiwa, na zina kazi yake (swali la 17).

Kwenye Photoshop kifaa kinaitwa Black & White, kipo tangu toleo la CS3 la mwaka 2007, nacho kina vitelezi sita vya rangi. Darktable, ambayo nayo ni ya bure, ina kipengele cha color calibration chenye sehemu ya kijivu. Kwenye simu, Snapseed ina Black and White yenye vitufe vya filta za rangi: nyekundu, chungwa, njano, kijani, bluu. Wengi hawajawahi kuvigusa vitufe hivyo, wakati ndivyo vyenye kazi yenyewe.

4. Nipige moja kwa moja kwa nyeusi-nyeupe kwenye simu?

Hapana. Piga kwa rangi, na kama simu inaruhusu RAW (faili ghafi ambalo simu haijalichakata), tumia RAW. Picha ambayo simu imeitoa rangi tayari haina tena chaneli za kuchanganya. Uamuzi wa swali la 1 umeshapita. Unaweza kuweka skrini ionyeshe nyeusi-nyeupe wakati wa kupiga ili uzoee kuona mwanga, mradi faili linalohifadhiwa libaki na rangi.

## Aina za filamu na filta

5. Nipe namba. Filamu ipi inapatikana kwa mchanganyiko upi?

Hizi ni namba zangu za kuanzia kwenye Mono Mixer, nilizozipata kwa jicho na si kwa kipimo cha maabara. Mpangilio ni nyekundu, kijani, bluu.

Sahani za kioo za karne ya 19, zilizoona bluu tu: 0, 0, 1. Anga linakuwa jeupe tupu, mawingu hayapo, na hivyo ndivyo picha nyingi za enzi hizo zilivyo.
Othokromatiki: 0, 0.45, 0.55.
Pankromatiki bila filta: 0.30, 0.40, 0.30.
Pankromatiki na filta ya njano: 0.40, 0.50, 0.10.
Filta ya chungwa: 0.65, 0.35, 0.
Filta nyekundu: 1, 0, 0.
Filta ya kijani: 0.15, 0.75, 0.10.

Kama hujui pa kuanzia, anza na ya njano. Wapiga picha wengi wa filamu waliiacha filta hiyo kwenye lenzi mchana kutwa, kwa sababu inalishusha anga kidogo tu na haiharibu kitu kingine.

6. Nataka anga jeusi na mawingu yanayowaka. Inakuwaje?

Hiyo ni filta nyekundu. Anga la bluu lina nyekundu kidogo sana, kwa hiyo kwenye chaneli nyekundu linazama, ilhali wingu jeupe lina rangi zote sawa na linabaki juu. Faida nyingine ni ukungu wa mbali. Hewa hutawanya zaidi mwanga wa bluu, kwa hiyo ukiipunguza bluu, milima iliyokuwa imefifia inajitokeza.

Angalia na bahari. Maji ya zumaridi ya Nungwi au Diani yanameza nyekundu, na kwa filta hii yatageuka mazito kama wino. Wakati mwingine inapendeza sana, wakati mwingine unapoteza kile kilichokufanya usimame kupiga. Majani ya minazi nayo yanashuka. Kwa mandhari ya pwani mimi huishia kwenye chungwa.

Kwenye filamu, filta nyekundu ya namba 25 ilikula hatua tatu za mwanga, yaani filamu ilihitaji mwanga mara nane. Kwenye kompyuta gharama ni nyingine: takataka kwenye anga. Tazama swali la 19.

7. Picha za watu: ngozi inatoka nyeusi tii bila sura, au inapauka kama majivu. Nakosea wapi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo ambalo mafunzo mengi ya mtandaoni hayaligusi, kwa sababu namba zao wamezijaribu kwenye ngozi nyeupe.

Ngozi ya kahawia inarudisha nyekundu nyingi, kijani kiasi, na bluu kidogo. Kwa hiyo chaneli nyekundu inaiangaza ngozi, inailainisha na kuficha madoa. Chaneli ya bluu inaitia giza na kuonyesha kila kitundu cha jasho. Ukitumia mchanganyiko wa othokromatiki kwa mtu mweusi, uso unazama na midomo inakuwa kama imepakwa makaa. Ukitumia nyekundu tupu, uso unapauka, unakuwa bapa, na mtu anaonekana amejipaka poda.

Anzia 0.45, 0.40, 0.15. Kwa mzee ambaye mikunjo yake ndiyo habari yenyewe, ongeza kijani na upunguze nyekundu. Kwa bibi harusi, ongeza nyekundu kidogo, lakini usivuke 0.60.

Na hapa nasema kwa moyo wote: kitelezi cha nyekundu kisiwe krimu ya kujichubua. Mtu mweusi abaki mweusi kwenye picha. Kinachouonyesha uso mweusi ni mng'ao: paji la uso, mfupa wa shavu, ncha ya pua, ukingo wa mdomo. Ukiupata mng'ao huo wakati wa kupiga, kwa kumgeuza mtu kidogo kuelekea dirishani au mlangoni, uso unaweza kuwa wa giza sana na kila kitu kikaonekana. Tazama kazi za mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948 na kupiga kwa mwanga wa jua uani. Nyuso hazijaangazwa kwa nguvu, ila zina umbo.

Baada ya mchanganyiko, fungua Curves, kifaa cha kupanga giza na mwanga kwa kupinda mstari. Weka nukta mahali ngozi ilipo (kwenye GIMP, bofya juu ya picha huku Curves ikiwa wazi na mstari utakuonyesha), kisha ufanye mstari uwe mwinuko zaidi hapo hapo. Unaongeza tofauti ndani ya ngozi yenyewe bila kuipandisha yote.

8. Mtu amevaa kanzu nyeupe, uso ni mweusi. Nikirekebisha kimoja, kingine kinaharibika.

Tatizo linaanzia kwenye kamera. Mita yake inataka jumla ya picha iwe kijivu cha katikati. Ikiona kanzu kubwa nyeupe inapunguza mwanga, na uso unalipia. Pima mwanga usoni, halafu punguza kiasi tu cha kuokoa nyuzi za kanzu. Weupe uliokwisha kuungua kwenye picha ya dijitali haurudi, tofauti na negativu ambayo mara nyingi ilikuwa bado imeficha kitu humo.

Kilichobaki kinamalizwa kwa kuangaza na kutia giza sehemu kwa sehemu. Hayo yako kwenye swali la 11.

## Kontrasti

9. Mstari wa Curves unaofanana na filamu una umbo gani?

Herufi S iliyolala, lakini ncha zake ni laini. Filamu haikati weusi na weupe ghafla. Chini ina kisigino ambapo vivuli vinabanana polepole, juu ina bega ambapo weupe unachelewa kufika mwisho. Kwa hiyo vuta nukta ya robo ya chini ishuke kidogo, ya robo ya juu ipande kidogo, kisha karibu kabisa na kona ya juu ulaze mstari.

Karatasi ya picha nayo haikuwa na weusi wa skrini. Pandisha ncha ya chini ya mstari kutoka 0 hadi 8 au 12, na ushushe ya juu kutoka 255 hadi 245. Usipitilize. Siku hizi watu wanapandisha weusi hadi 40 na kuuita "wa zamani", wakati picha iliyosafishwa vizuri ilikuwa na weusi wa kushibisha macho.

10. Nimefanya yote hayo na bado picha ina sura ya kompyuta. Kwa nini?

Mara nyingi ni ukali. Simu inachonga kingo za kila kitu kabla hata hujaiona picha, na ukiongeza Structure au Clarity juu yake, kila ukingo unapata uzi mweupe pembeni. Lenzi za zamani hazikuwa hivyo. Zima kuchonga kwenye mipangilio kama inawezekana, au weka Gaussian Blur (kifaa cha kutia ukungu) ndogo sana, ya pikseli 0.5 hivi, kabla ya kuweka chenga, yaani punje za filamu (swali la 12).

Jambo la pili ni taa. Kwenye filamu, mwanga mkali ulipenya hadi kwenye mgongo wa mkanda ukarudi, ukaacha wingu jepesi kuzunguka taa au dirisha. Kuliigiza: nakili leya, kwa Curves uzamishe kila kitu isipokuwa weupe, weka Gaussian Blur ya pikseli 20 hadi 40, badilisha hali ya leya iwe Screen, kisha punguza uzito wake (Opacity) hadi asilimia 15 au 20. Inatosha.

11. Kuangaza na kutia giza sehemu moja tu, kama kwenye chumba cha giza, kunafanywaje?

Zamani, karatasi ikiwa chini ya mashine ya kukuzia, tulizuia mwanga kwa kiganja au kipande cha kadibodi kwenye waya, sehemu ile ikabaki nyeupe zaidi. Tukitaka giza tuliachia mwanga upite kwenye tundu la kadibodi sekunde kadhaa za ziada. Mkono ulikuwa ukitikiswa muda wote ili ukingo usionekane.

Kwenye GIMP kuna Dodge / Burn, ila inachora moja kwa moja kwenye picha. Njia ninayoipenda ni hii: leya mpya juu, ijazwe kijivu cha katikati, #808080, hali yake iwe Overlay. Kijivu hicho hakibadilishi kitu. Chukua brashi kubwa laini yenye uzito wa asilimia 5 hadi 10. Paka nyeupe unapotaka kuangaza, nyeusi unapotaka giza. Ukikosea, paka kijivu kile kile juu yake na kosa linafutika. Kwa mtu wa kanzu: nyeusi hafifu juu ya kifua na mabega, nyeupe hafifu kwenye upande wa uso ulio kivulini.

Ukimaliza, zima na kuwasha leya. Kama mtu mwingine anaweza kukuonyesha ulipopitisha brashi, umezidisha.

## Chenga

12. Chenga za filamu naziwekaje?

Chenga ni vifungu vya fedha vilivyobaki kwenye filamu baada ya kusafishwa. Ziwe hatua ya mwisho kabisa.

Tengeneza leya ya kijivu #808080 yenye hali ya Overlay, kama ya swali la 11, lakini iwe leya nyingine. Nenda Filters, kisha Noise, kisha RGB Noise. Ondoa alama kwenye Independent RGB, la sivyo utapata chenga za rangi na picha itafanana na televisheni iliyopoteza mawimbi. Weka nguvu ya kati. Halafu weka Gaussian Blur ndogo kwenye leya hiyo hiyo, kwa sababu chenga ya filamu si mraba wa pikseli moja. Ina umbo na inagusana na jirani yake. Mwisho punguza uzito wa leya hadi uone picha kwanza na chenga baadaye.

Overlay inafaa hapa kwa sababu inazifanya chenga zionekane zaidi kwenye vijivu vya katikati na zipotee kwenye weusi na weupe wa mwisho, karibu na ilivyokuwa kwenye karatasi.

Kwenye Snapseed kuna Grainy Film. Inafaa kwa haraka, ila ukubwa wa chenga huuamui wewe.

13. Ziwe kubwa kiasi gani?

Fikiria umbo la filamu. Fremu ya milimita 35 ina ukubwa wa milimita 24 kwa 36. Ukiikuza hadi karatasi ya sentimita 20 kwa 25, umeikuza karibu mara nane, na chenga zimekua nazo. Picha yako ya pikseli 6000 na ya pikseli 3000 zote zinawakilisha fremu ile ile ya milimita 36, kwa hiyo chenga za ile kubwa ziwe na pikseli mara mbili. Kwa pikseli 3000 mimi hutumia Blur ya 0.6 hivi, kwa 6000, kama 1.2.

Na si kila picha ya zamani ilikuwa na chenga. Keïta niliyemtaja kwenye swali la 7 alitumia kamera ya negativu za sentimita 13 kwa 18, akazichapa kwa kuzilaza juu ya karatasi bila kuzikuza. Picha kama hizo ni laini kama hariri. Ukiigiza picha ya studio, achana na chenga. Ukiigiza picha ya mtaani au ya gazeti, ziweke.

14. Tri-X, HP5, T-Max, Delta: tofauti ya chenga ni ipi?

Filamu za Kodak Tri-X na Ilford HP5 Plus, zote za ISO 400 (kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga), zina chenga za mtindo wa zamani, zisizolingana, zenye ladha. T-Max ya mwaka 1986 na Delta zilikuja na vifuwele bapa: chenga ndogo na zilizopangika zaidi. Ilford Pan F Plus ya ISO 50 karibu haina chenga za kuonekana. Delta 3200 ni mchanga mtupu.

Kisha kuna kuisukuma filamu, yaani kuipiga ya 400 kama 1600 na kuirefushia muda wa kusafishwa. Vivuli vinabaki vitupu, kontrasti inapanda, chenga zinanenepa. Kuigiza hivyo, zamisha kisigino cha Curves kwanza, kisha ndipo uongeze chenga. Wengi wanaongeza chenga tu na kushangaa kwa nini haifanani.

15. Kwenye kompyuta ni nzuri, nikiituma WhatsApp inakuwa mabaka. Mbona?

Chenga ni kitu kigumu kubana, na WhatsApp inabana sana. Tuma kama hati badala ya picha. Kwa Instagram, punguza picha kwanza iwe na upana wa pikseli 1080, ndipo uweke chenga kwa ukubwa huo. Ukiweka chenga kwanza halafu ukapunguza, zinasagika na kubaki ukungu.

## Toni za rangi

16. Sepia na toni nyingine naziwekaje bila kuonekana za bandia?

Kwanza hakikisha Image, Mode iko kwenye RGB. Ikiwa Grayscale hakuna rangi itakayoingia. Kisha Color Balance: vivuli kidogo tu kuelekea nyekundu na njano, weupe karibu usiguswe. Sepia ya kweli ilitokana na fedha kugeuzwa kuwa salfaidi ya fedha, ambayo pia hudumu zaidi. Si rangi ya chungwa iliyomwagwa juu ya picha nzima. Toni ya seleniamu ni baridi zaidi: weusi mzito wenye dokezo la zambarau, weupe safi.

Sahihisho dogo: picha nyingi za karne ya 19 ni za hudhurungi kwa sababu zilichapwa kwenye karatasi ya ute wa yai, na ute huo umekuwa wa njano kwa uzee. Kama unataka kuzifanana, weupe wako ndio uwe wa njano, tofauti na sepia.

Ukiwa na picha halisi ya babu, kazi inakuwa nyepesi. Iskani, tumia kifaa cha kuchukua rangi kwenye sehemu nyeusi kabisa na nyeupe kabisa, kisha sogeza picha yako mpya hadi ncha zake mbili zifanane na hizo. Kata pia kwa umbo la wakati ule: mbili kwa tatu kwa milimita 35, mraba kwa kamera za sita kwa sita. Picha ya simu ya tatu kwa nne hujisaliti kwa umbo kabla ya kitu kingine.

## Hali za pembeni

17. Naweza kuigiza filamu ya infraredi, ile ya majani meupe?

Kwa kiasi. Majani hurudisha miali ya infraredi kwa wingi, kwa hiyo kwenye filamu hiyo mti unang'aa kama theluji na anga linakuwa jeusi. Jaribu 0.20, 1.60, -0.80: bluu hasi inazamisha anga, kijani kinapandisha majani. Ongeza wingu la mwanga la swali la 10 juu ya majani. Lakini kompyuta haijui jani na rangi ya ukuta. Geti lililopakwa kijani litang'aa pamoja na mwembe, jambo ambalo huenda filamu isingelifanya. Tumia barakoa ya leya kulizuia.

18. Ile ya kingo zinazogeuka, nusu negativu nusu picha?

Hiyo ilipatikana kwa kuwasha taa kidogo picha ikiwa bado kwenye dawa. Wapiga picha Man Ray na Lee Miller waliifanya ijulikane Paris. Kwenye Curves, chora kilima: anza chini kushoto, panda katikati, shuka tena kulia. Picha zenye umbo rahisi ndizo zinazoipokea.

19. Nikiweka filta nyekundu, anga linavunjika miraba na chenga chafu.

Faili la JPEG huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga. Ukiitegemea chaneli moja peke yake, unaona uchafu uliokuwa umefichwa. Dawa ya kwanza ni RAW. Kama huna, kabla ya Mono Mixer nakili leya, iwekee Gaussian Blur ya pikseli 4 hivi, hali yake iwe LCh Color, kisha ziunganishe. Rangi imelainika, undani wa mwanga umebaki. Halafu tumia 0.80, 0.20, 0 badala ya 1, 0, 0.

Kama badala ya miraba unaona ngazi, yaani anga linashuka kwa mistari, tatizo ni uchache wa vijivu: picha ya biti 8 ina 256 tu. Geuza Image, Precision iwe biti 16 kabla ya kuanza. Chenga nazo zinaficha ngazi hizo vizuri.

20. Kamera yangu haina rangi kabisa. Vitelezi vina faida?

Hapana. Kamera kama Leica Monochrom, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2012, hazirekodi rangi, kwa hiyo hakuna cha kuchanganya. Unarudi kwenye filta ya kioo mbele ya lenzi, kama zamani. Majibu ya 9 hadi 16 bado yanakuhusu.

21. Ninunue zile seti za filamu zilizotengenezwa tayari?

Jaribu za bure kwanza. G'MIC, programu-jalizi ya GIMP, ina maigizo mengi ya filamu. Tatizo la seti yoyote ni kwamba haijui picha yako ilipigwa kwa mwanga gani, wala ngozi ya uliyempiga. Itumie kama pa kuanzia, kisha rudi kwenye swali la 7.

22. Je, huu si udanganyifu?

Kuchagua vijivu si udanganyifu. Kila filamu ilichagua. Kuunganisha picha mbili nako hakukuanza na kompyuta: Omar Said Bakor alikuwa akitengeneza picha za kuunganishwa katika studio yake Lamu kwa mkasi na chumba cha giza, na waliozitaka walijua wanachokitaka.

Mpaka wangu ni tarehe. Picha ya harusi ya wiki iliyopita ipake sepia, iwekee mikwaruzo kama wenyewe wamependa. Lakini picha mpya ya mji mkongwe iliyochakazwa na kusambazwa kama ya mwaka 1920 nakataa kuitengeneza, na nimewahi kurudisha pesa kwa ajili hiyo. Picha halisi za miaka hiyo tunazo chache, nyingine zimo kwenye makabati zinaliwa na unyevu. Kila ya uongo inayoingia katikati yao inamfanya mjukuu anayemtafuta bibi yake asijue tena aamini ipi. Ukitengeneza yako, andika mwaka halisi kwenye faili na nyuma ya karatasi.